Binamu wa Ubaoni

...nusu kilo, Dada! Nusu kilo nzima! Usicheke. Najua paketi ya chumvi ni nusu kilo, najua hao pacha wako mmoja peke yake alizaliwa na zaidi ya hiyo mara tano, lakini mimi leo, saa kumi na mbili na robo jioni, mbele ya watu kumi na mmoja (niliwahesabu), nimelala chali kwenye benchi la jimu, nimevaa fulana isiyo na mikono, soma tena, ISIYO NA MIKONO, na Mgeni kanyanyua nusu kilo juu, kaishikilia, akahesabiwa moja mpaka nane, halafu akaishusha mwenyewe polepole bila kunidondoshea puani. Mgeni! Yule yule unayemjua!

Nimefika chumbani na furaha yangu nikakuta sina wa kumwambia. Nimeiambia birika. Haki ya Mungu, nimesimama mbele ya birika nikasema "Nusu kilo!" na yenyewe ikaanza kuchemka, nikaona angalau mmoja kaitikia. Halafu nikajionea huruma, nikachukua simu. Sauti sikutumii kwa sababu sauti zangu unazisikiliza baada ya wiki mbili, tena kwa zile spidi za haraka mpaka nasikika kama kifaranga. Naandika, usome ukiwa unanyonyesha. Na usirukie mwisho. Nakujua.

Shemeji, kama unachungulia begani kwa mkeo, karibu, na wewe nikueleze kidogo ili usipotee. Mgeni ni mkono wangu wa kushoto. Siku nazaliwa bega lilikwama, mkunga akavuta, na mishipa ya fahamu pale shingoni mingine ikakatika, mingine ikachanika. Ndiyo ukawa ulivyo hadi leo: mfupi kuliko mwenzake, kiwiko hakinyooki vizuri, haupandi kupita kifua, na vidole viwili vya mwisho hata ukivichoma sindano havina habari. Baba ndiye aliyeuita Mgeni. Alisema huyu yumo ndani ya nyumba, anaogeshwa, anavishwa, lakini huwezi kumtuma hata maji. Sisi tukacheka, jina likashika. Daktari gani hakupelekwa! Wote walisema ndivyo ulivyo, tuzoee. Tukazoea.

Sasa nianze mwanzo.

Nilipokuja mji huu mwezi wa pili kuanza kazi ya duka la dawa, nilikuwaje? Nilikuwa nimevimba kichwa. Cheti ukutani, koti jeupe, chumba changu mwenyewe ghorofa ya tatu. Mama aliniuliza mara mia nani atanifunga zipu, nani atanichana nywele za kisogoni, nikamwambia Mama, nina mkono wa kulia unaofanya kazi ya mikono mitatu, niachie. Akaniachia. Lakini siku ya kuondoka alinifungia kwenye begi magauni yote ya kuvaa kwa kichwani, yasiyo na zipu. Nikakasirika. Ndiyo hayo ninayovaa.

Hakuna aliyeniambia kuhusu kimya, Dada. Kazini nakaa nyuma ya kioo chenye tundu la duara, na maneno yangu kutwa nzima ni haya: kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula, maliza dozi hata ukipata nafuu, anayefuata. Mwenzangu wa pale kwenye malipo, namwita Mama Risiti, ana spika masikioni tangu anafungua mpaka anafunga. Nikitoka, napanda ngazi, nafungua mlango, naweka funguo juu ya meza, na kuna siku nimekaa nikagundua kwamba "anayefuata" ndilo neno la mwisho nililolisema tangu saa kumi. Nilinunua kiti cha pili. Kinakaliwa na nguo.

Basi nikajiunga na jimu. Si kwa ajili ya mwili, nakwambia ukweli wangu. Kwa ajili ya kelele. Iko ng'ambo ya barabara, juu ya duka la vigae, na kila nikipita nilikuwa nasikia vyuma vikigongana na watu wanaguna na mtu anacheka. Nikasema mimi nataka kukaa mahali ambapo watu wanapumua. Halafu nikafanya nini? Nikachagua saa nane mchana, saa ambayo hakuna mtu! Ndiyo mapumziko yangu, sawa, lakini jioni pia ningeweza. Saa nane nilichagua kwa sababu ya Mgeni. Nilienda kutafuta watu, nikahakikisha sitawakuta. Na sweta la mikono mirefu juu, kwenye joto lile.

Sasa sikia utaratibu wa pale. Mlangoni kuna ubao mweusi, wa chaki kabisa kama wa darasani. Una safu mbili. Ya kwanza unaandika jina lako. Ya pili imeandikwa juu, kwa rangi: NYUMA YAKO NANI? Mwenye jimu, tunamwita Kocha tu, zamani chuma kilimlalia kifuani akiwa peke yake. Mbavu tatu. Alilala pale chini mpaka muuza vigae alipopanda kuuliza mbona muziki umerudia wimbo uleule mara kumi. Tangu hapo ni sheria: kama huna mtu wa kusimama nyuma yako kukudaka, hugusi benchi. Utaendesha baiskeli na kuvuta mipira, basi.

Wiki mbili nikaendesha baiskeli. Huku naangalia lile benchi kama mtoto anayeangalia keki ya mwenzake. Halafu nikagundua kwamba saa nane Kocha anashuka kula, anarudi saa tisa, na akirudi hakuulizi kitu, anasoma ubao. Ubao ukisema uko na mtu, uko na mtu.

Nikaandika jina langu. Nyuma yako nani? Nikaandika: Binamu.

Hivyo tu. Ilinitoka.

Siku ya kwanza ikawa hivi. Kocha akarudi, akasoma, akauliza, "Dada'angu, huyo binamu yuko wapi?"

"Ameshuka sasa hivi! Hamjapishana ngazini?"

"Sijamwona."

"Anatembea haraka yule, balaa."

Akacheka, yakaisha. Siku nyingine Binamu yuko bafuni. Siku nyingine kaitwa kazini, anafanya kazi benki, si unajua watu wa benki. Jamani nikamjenga huyo mtu! Mrefu, ana mwanya, akicheka anapiga mluzi bila kutaka, hawezi kukaa bila ubani mdomoni. Kocha akawa ananiuliza, "Binamu hajambo?" na mimi nasema hajambo, ana mafua kidogo. Kuna siku nilipita dukani nikanunua soda mbili. Ya pili nikainywa kesho yake. Mama akipiga simu nikamwambia nimepata rafiki, tunafanya mazoezi pamoja, akashukuru Mungu kwa sauti mpaka nikajisikia vibaya. Na wewe nilikwambia hivyohivyo, ukaniandikia "safi sana mdogo wangu" na kikopa. Samahani, Dada. Yule ndiye huyo.

Na nyuma yangu, pale kwenye benchi, kulikuwa na ukuta.

Sasa nilivyokuwa nafanya, usipige kelele, pacha wataamka. Mgeni hawezi kushika fimbo ya chuma ikakaa. Vidole vinaachia na yeye hana taarifa. Basi nikamfunga. Nikachukua bandeji ya kuvutika kutoka kazini, nikazungusha kiganja na chuma mara tano sita, nikakaza kwa meno. Nikisukuma, kulia kunafanya kazi yote, Mgeni anapelekwa tu kama mbuzi anayevutwa sokoni. Kwenye kioo nilikuwa naona fimbo imekaa upande, kama mizani ya mchuuzi mjanja. Nikaona maendeleo! Kila wiki naongeza. Nani aniambie basi? Binamu?

Siku moja dirishani mama mmoja akaniambia, "Binti, unavuja damu." Nikatazama. Mkono wa koti langu jeupe umelowa. Kidole cha mwisho cha Mgeni ngozi imetoka yote upande mmoja, bandeji imeila tangu jana, na mimi sijasikia chochote, nimelala nacho, nimeoga nacho. Mimi, mtu wa dawa, ninayewafokea watu kuhusu vidonda! Nikakisafisha, nikakifunga, nikamwambia yule mama, kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Na kesho yake nikaenda tena. Ndiyo, nilienda.

Halafu ikaja ile asubuhi.

Ngoja. Nitarudi. Nina amri ya kuandika dakika ishirini, kupumzika kumi, nitakueleza amri ya nani.

Haya nimerudi. Nilikuwa natembea chumbani, hatua sita kwenda, sita kurudi.

Ile asubuhi niliamka, nikachukua chanuo, nikainua mkono wa kulia. Haukuinuka. Dada, si Mgeni. Wa kulia. Ulifika hapa kwenye titi, halafu bega likanipiga kitu kama maji ya moto, chanuo kikadondoka. Nikajaribu tena. Nikajaribu kwa kuinama. Nikakaa kitandani na chanuo mapajani, nina mikono miwili na yote imelala kama ya watu wawili tofauti, na sikulia. Niliwaza tu haraka haraka: nywele, haya, kitambaa. Gauni, haya, la Mama la kichwani, lakini hilo nalo linataka mkono upande. Sidiria. Ndoo ya maji. Funguo ya mlango ambayo inataka kuzungushwa kwa nguvu.

Mkono wa kulia ndio mimi. Ndio unalipia hiki chumba. Ukienda huo narudi nyumbani, na unajua nitarudi kwenye nini: Mama ataniogesha. Hatalalamika hata kidogo, na hilo ndilo linaloniua. Atafurahi. Atanichana nywele kila asubuhi nikiwa na miaka ishirini na nne, na thelathini, na arobaini, na nitasema asante Mama.

Sikumpigia. Nilimpigia nani? Wewe, ukawa hospitalini na mmoja wa pacha, ikaita ikakata. Sikulaumu. Nakueleza tu kwamba niliwapigia watu wawili na wa pili alikuwa ile namba ya salio.

Kazini nilimpa mzee mmoja chupa ya dawa ya unga nikamwomba aifungue mwenyewe nimwekee maji. Akanitazama, akasema, "Sasa wewe kazi yako hapa ni nini, mjukuu wangu?" Alikuwa anatania. Bosi alikuwa nyuma, hakucheka. Jioni akaniita, akasema kwa upole kabisa, upole ule mbaya: "Nakupa wiki. Mkono usiporudi, tutakaa tuongee."

Ndiyo jioni hiyohiyo nikaenda kwa Daktari wa Viungo. Yuko kliniki ya mtaa wa nyuma, mzee kidogo, vidole vya baridi, na utani usiokwisha. Akaanza na wa kulia, akaminya, nikaruka. Akaenda kwa Mgeni, akamgeuza, akamnyanyua, akamwangalia vidole kimoja kimoja, akakuta kile kidonda. Utani ukaisha.

"Hii nini?"

"Bandeji."

"Nani alikufunga?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Alivua miwani. Akasema, "Binti, unajua kilichotokea? Huyu mgeni wako hana shida mpya. Yuko alivyo. Aliyeumia ni mwenyeji. Amefanya kazi ya wawili miaka ishirini na nne, na wewe badala ya kumpumzisha ukampeleka jimu akabebe na chuma."

Nikauliza kwa sauti ndogo, "Ndiyo mwisho wa jimu?"

"Nani kasema? Nataka uende jimu. Ila si hivyo." Na akaanza kunipa amri, mimi naandika nyuma ya risiti. Wiki sita wa kulia usibebe kitu kizito kuliko birika. Kuandika, kuhesabu vidonge, simu: dakika ishirini, pumzika kumi. Fimbo ya chuma hapana, kuning'inia hapana. Kila mkono kichuma chake, na uzito wake, wasishindane. Mgeni aanze bila kitu kabisa, halafu robo, halafu nusu. Kwanza mabega ya nyuma, yale mabapa ya mgongoni, ndiyo yanayoshikilia kila kitu. Kumfunga Mgeni, marufuku. Kuna glavu yenye mkanda wa kunata, ukiivuta inaachia. Ngozi unaikagua kabla na baada, kwa macho, kwa sababu vidole havikuambii. Uchovu sawa. Maumivu ya kuchoma kama umeme, au ganzi mpya, unaacha saa hiyohiyo, huendelei kuona kama itaisha.

"Na lazima awepo mtu nyuma yako," akasema. "Wewe hutajua mkono ukiachia. Atajua anayeutazama. Unaye mtu?"

Dada, pale ndipo nilipaswa kusema hapana. Mlango ulikuwa umefungwa, tuko wawili, mzee wa watu ananihudumia.

Nikasema, "Ninaye. Binamu yangu."

"Safi sana! Mlete Ijumaa, nimfundishe pa kushika."

Ilikuwa Jumanne.

Jumatano nikamgusa Mama Risiti begani. Akatoa spika moja. "Nini?" Nikamtazama. Nikasema, "Hamna." Akairudisha. Alhamisi nikasimama ngazini namsubiri jirani wa chini. Nilikuwa nimeikariri sentensi kama shairi la shule: samahani jirani, naomba uje uwe binamu yangu kwa nusu saa tu. Akatoka. Akaniona. Akasema, "Maji yamerudi?" Nikasema, "Yamerudi." Akasema, "Afadhali." Akaenda zake. Ndiyo maongezi yetu marefu zaidi tangu nihamie, na hata hayo maji sikuwa na uhakika nayo.

Ijumaa saa nane nikaenda jimu kufuta ubao. Nilifikiri nifute tu jina, nisirudi tena, nani atanikumbuka. Kocha alikuwa pale. Hajaenda kula.

"Leo nimesema nimsubiri binamu," akasema, anatabasamu. "Nimemwandalia na glavu. Mtu mwaminifu kama yule, kila siku yupo."

Nikasema, "Kocha, hakuna binamu."

"Amesafiri?"

"Hakuna. Hajawahi kuwepo. Ni mimi tu."

Tabasamu lilibaki kidogo, kama taa inayochelewa kuzimika. Halafu akauliza, "Na lile benchi?"

"Peke yangu."

"Na ule mkono?" Kumbe aliujua. Nilidhani sweta linaficha.

"Nilikuwa naufunga."

Alinifokea, Dada. Sijawahi kufokewa vile tangu Baba anifume juu ya bati. "Ningekukuta umekufa hapa! Ningemwita nani? Ningezunguka benki zote za mji huu namtafuta mtu mwenye mwanya? Ubao wangu ungesema ulikuwa na mtu! Ningeapa mbele ya mamako kwamba ulikuwa na mtu!" Akageuka, akafuta ubao kwa mkono wa shati lake. Akaanza na jina la Binamu. Cheka ukitaka, lakini nilijiona kama nimefiwa.

Halafu akafuta langu.

Nikaenda kliniki mwenyewe. Daktari akatazama nyuma yangu mlangoni. "Binamu yuko wapi?"

"Hayupo."

"Amechelewa?"

"Hayupo kabisa, Daktari. Nilimtunga."

Yule mzee wa utani hakutania. Alivuta kiti chake, akauliza, "Nywele nani anakuchana?" Nikasema nimefunga kitambaa. Akauliza, "Tangu lini?" Nikasema tangu Jumanne. Ndipo nikalia. Si kile kilio cha kishujaa, ni cha makamasi. Akanipa karatasi ya ile mashine ya kupimia mapigo ya moyo, ndiyo iliyokuwa karibu.

Akaandika barua mbili. Moja ya Bosi, moja ya Kocha. Bosi alisoma, akaguna, akaingia stoo akatoka na kifaa cha kufungulia vifuniko, cha kupigilia ukutani, ambacho kilikuwa humo miaka na vumbi lake. Kikapigiliwa. Akanitoa kwenye maboksi, akaniweka kwenye vidonge, akasema mwisho wa mwezi ujao atauangalia mkono. Ya Kocha nilikaa nayo wiki sita. Nilikuwa naona aibu. Wiki sita hizo nilifanya kila kitu hapa chumbani: kusukuma ukuta, kubana mabapa ya mgongo, kumtembeza Mgeni mezani juu ya taulo, mbele, nyuma, mbele, nyuma, jioni baada ya jioni, najihesabia mwenyewe kwa sauti ili kuwe na sauti. Wa kulia ukaanza kupanda. Kwanza mdomo, halafu sikio. Wiki iliyopita nilijichana kisogo. Bosi akanitazama nikishusha kopo kutoka rafu ya juu, akasema "haya," akaenda kupiga simu. Dada, hiyo "haya" nimeilalia kama mto. Nabaki! Chumba nabaki nacho!

Ndiyo jana nikapata ujasiri, nikapeleka ile barua, imekunjika kama leso. Kocha aliisoma mara mbili, midomo inatembea. Nilidhani atanifukuza. Akasema tu, "Kesho. Saa kumi na mbili jioni."

"Jioni watu wamejaa, Kocha."

"Ndiyo maana. Na hilo sweta unaliacha kwenye msumari. Anayesimama nyuma lazima aone bega lako."

"Kocha, sweta naomba..."

"Daktari ameandika au hajaandika?"

Alikuwa ameandika.

Basi leo. Nimefika, mikono inatoka jasho, huyu mmoja na huyu mwingine. Nimesimama kwenye msumari dakika nzima. Nikavua. Nikageuka kuwakabili watu, niko tayari, mtu acheke nimjibu, nilikuwa na majibu matatu nimeyaandaa. Kijana kwenye mashine ya kukimbilia akanitazama, akautazama mkono, akarudi kwenye kukimbia. Mwingine akaniomba nimpishe. Basi. Miaka yote nimefunika kitu ambacho watu hawana hata muda nacho! Sikujua nifurahi au nisikitike. Nilisimama pale na majibu yangu matatu.

Kocha alikuwa amenipangia mama mmoja, umri wa Mama wetu hivi, wanamwita Mwalimu. Miaka yote anaendesha baiskeli tu, kwa sababu hata yeye hakuwa na wa kusimama nyuma yake. Alikuja anafuta mikono kwenye taulo, kaogopa kuliko mimi.

"Mwanangu, nikushike wapi? Nisije nikakuvunja."

"Hapa chini ya kiwiko, na hapa kwenye kiganja. Usivute tu. Kila kitu sawa, ila usivute."

"Sivuti. Na vidole vikianza kuachia?"

"Uniambie. Mimi sisikii."

"Haya. Mimi nitasikia, wewe sukuma."

Tukaanza na mkono mtupu. Halafu robo. Halafu akaniwekea ile nusu kwenye glavu, akachuchumaa, nikaona uso wake umepinduka juu yangu, nywele zimemtoka kwenye kitambaa, anahesabu kama anafundisha darasa la kwanza. Moja. Mbiiili. Kwenye tano akasema, "Kidole, kidole kinateleza," akakirudisha mahali pake kwa kidole chake kimoja tu. Hicho sikukisikia, Dada. Kile alichogusa ni katika vile viwili. Nilimwona tu akigusa. Kwenye nane nikashusha, watu wawili wakapiga makofi kwa heshima, nikadhani uwanja mzima.

Nilitaka aniulize kitu. Nilitaka tukae kwenye lile benchi la mlangoni tuongee mpaka wafunge. Lakini alikunja taulo lake haraka, bintiye anamfuata kwa gari na hapendi kusubiri. Anakuja Jumanne tu. Kwenye ubao, mbele ya jina langu, aliandika mwenyewe kwa mwandiko wa kiwalimu, herufi zimesimama wima: Mwalimu. Akaniambia "Jumanne," nikamwambia "Jumanne," na leo ndiyo Jumanne yenyewe, kwa hiyo nina Jumatano na Alhamisi na Ijumaa na hizo nyingine zote kabla hajasimama tena nyuma yangu. Nikavuka barabara. Nikapanda ngazi. Nikaikagua ngozi chini ya taa, kidole kwa kidole, nzima yote. Halafu ndiyo ile birika.

Sasa dakika zangu zimekwisha na bega linaanza kunong'ona, na mimi likinong'ona naacha. Kuna kitu Mwalimu aliniambia ngazini, wakati honi inapigwa kule chini. Kimenichekesha na kimenitoa machozi, vyote viwili, na ningeweza kukuandikia sasa hivi kwa mistari mitatu. Siandiki. Kesho nikitoka kazini nitakaa kwenye hiki hiki kiti nikuambie chote, neno kwa neno, na alivyoshika ukuta alipokuwa anakisema. Nakibakisha makusudi, ili kesho jioni niwe na la kusema.